Khanga za Mama Yake

Nawasalimu nyote mliokaa kwenye baraza hili, kila mtu kwa salamu ya dini yake, na wakubwa wangu shikamooni. Mama mwenyekiti ameniomba niseme tangu mwaka jana. Nimemkwepa mara tatu. Leo amenishika mkono hapo mlangoni, sijakaa hata kitako, basi nitasema. Sauti yangu ni ndogo, walioko nyuma wasogee. Na nikinyamaza katikati msidhani nimemaliza. Mnipe muda kidogo.

Mimi ni mkulima wa mpunga, nakaa Kisawasawa. Shule niliishia darasa la saba. Katika kikundi hiki cha wazazi na walezi wa watoto wenye damu inayovunjika, na wakubwa wachache wenye hali hiyo, mimi nimo kama bibi. Mama wa mtoto hayupo. Majina sitataja, hata la mtoto, kwa sababu ni lake na hajanipa ruhusa.

Nilikuwa na binti mmoja aliyebaki. Alikuwa ameolewa Masagati. Wanaopajua huko wanajua barabara yake wakati wa masika. Alijifungua nyumbani kwake mtoto wa kiume, mtoto akatoka salama, akalia. Ila damu ya mama haikukata. Wakampakia kwenye pikipiki, katikati ya watu wawili, wamuwahishe Mlimba. Hakufika. Mimi nilipigiwa simu nikiwa shambani napalilia. Sikumbuki nilirudije nyumbani. Nakumbuka tu kwamba jembe nililiacha, na kesho yake jirani aliniletea.

Wakwe zake walikubali azikwe kwetu, kwa kuwa mtoto ningemlea mimi. Nawashukuru kwa hilo. Gari lililoleta mwili lilileta pia kichanga kikiwa mikononi mwa wifi wa binti yangu, pamoja na sanduku la bati la bluu. Ndani ya sanduku kulikuwa na nguo za binti yangu. Khanga doti tisa. Alipenda khanga kuliko chakula. Nyingine alikuwa hajazivaa hata mara moja, bado zina ule ugumu wa dukani.

Mnajua desturi. Ilipofika arobaini, ndugu walikuja. Nguo za marehemu hugawiwa siku hiyo, kila mtu anaondoka na kitu, na nyumba inapumua. Dada yangu mkubwa ndiye alikuwa msimamizi.

Akaniambia, "Mdogo wangu, fungua sanduku. Watu wanataka kuondoka, jua linakwenda."

Nikamwambia, "Leo hapana."

"Leo ndiyo siku yake. Utafungua lini tena?"

Nilikwenda nikakaa juu ya sanduku. Mtu mzima kama mimi, nimevimba miguu, nimekalia sanduku mbele ya mashangazi kama mtoto anayegombania kigoda. Shangazi mmoja akasema, "Mwacheni. Sanduku la bati halina mto, atachoka." Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani, cha kujishika mdomo. Mimi sikucheka wala sikuchoka. Nilikaa mpaka wa mwisho akavuka barabara.

Nawaambia haya, ndugu zangu, kwa sababu ndipo yalipoanzia. Watu wakisimama kutoa ushuhuda huanzia siku ya ugonjwa. Mimi nikianzia hapo nitakuwa nimewadanganya.

Wiki ile ile nilikwenda dukani, pale barabarani, kununua naftalini. Vile vidonge vyeupe vya harufu kali, tunavyoweka kwenye nguo ili mende na nondo wasile. Mwenye duka akaniambia, "Bi mkubwa, pakiti moja inatosha sanduku zima." Nikachukua nne. Akauliza kama nina nguo za harusi. Nikamwambia nina nguo za mwanangu. Akasema pole, akanifungia kwenye gazeti, hakuuliza zaidi. Nilikwenda nikapanga vidonge kwenye kila mkunjo, khanga moja vidonge, khanga moja vidonge, mpaka juu. Mama yangu alifanya hivyo. Bibi yangu sijui kama alikuwa na sanduku. Kila nyumba niliyoingia mimi inafanya hivyo. Nikafunga kufuli, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la khanga yangu.

Mtoto alikuwa akikua vizuri. Baba yake alikuwa anatuma maziwa ya kopo, na hata leo anatuma chochote anachopata. Tulimlaza kwenye vitambaa vya majirani, vilivyochakaa na kulainika. Akafika miezi mitatu na kitu, ana mashavu.

Halafu ikaja baridi ya mwezi wa sita. Ninyi wa Ifakara mjini hamuijui baridi yetu. Sisi tuko chini ya mlima, asubuhi ukungu unateremka Udzungwa unakaa mlangoni kama mgeni asiyeaga. Mtoto akaanza mafua. Nikafikiri, kwa nini huyu anafunikwa matambara ya watu wakati mama yake ameacha khanga doti tisa? Siku hiyo nilifungua kufuli. Niliona furaha, siwafichi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba nimefanya kitu nikaona furaha. Nikamfunga khanga mbili, nikamlaza kwenye ya tatu, ya nne nikambebea mgongoni. Kichwa nilikifunika pia. Ile harufu niliipenda. Kwangu ilikuwa harufu ya nguo safi, nguo ya heshima.

Sikuzifua kwanza. Niliona nikizifua nitakuwa nimemwondoa.

Siku ya nne au ya tano macho ya mtoto yalikuwa ya manjano. Kwanza nilidhani ni mwanga. Nikamtoa nje, yakawa ya manjano zaidi. Nikamfungua kumbadilisha, mkojo umechora kitambaa rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Viganja vyeupe. Nikimpa chupa ananyonya mara tatu anahema, kama mtu aliyepanda mlima.

Dada yangu alikuja kumtazama. Alimwangalia muda mrefu, kisha akasema polepole, "Anamwita."

"Nani?"

"Mama yake. Anayekufa akaacha kichanga hatulii. Na wewe ulikataa kugawa vitu vyake. Unadhani yuko wapi? Yuko humu humu, anataka mwanawe."

Mama zangu, mimi ni mtu wa kanisani. Lakini sitasema sikuamini. Niliamini kabisa. Na mnajua nilifanya nini? Nilifikiri kwamba kama anamtaka mwanawe, basi nimwonyeshe kwamba yuko naye. Nikatoa khanga nyingine mbili sandukuni, nikamwongezea mtoto. Nikamfunga vizuri, nikasema kwa sauti, "Huyu hapa, umemkumbatia, sasa tulia."

Kesho yake mtoto hakuweza kulia.

Tulikuja hapa Ifakara. Walipima malaria, hakuna. Walipima wingi wa damu, yule nesi akasoma karatasi, akainuka kwenye kiti upesi. Mtu wa hospitali akiinuka hivyo unajua. Wakasema aongezewe damu leo leo, na ndugu wajitokeze kuchangia ili kurudisha benki kile kitakachotumika.

Ndugu waliokuwepo ni mimi na dada yangu. Yeye ana presha, mimi walinikataa, walisema mwenyewe sina damu ya kutosha. Nikatoka nje nikasimama hapo getini sijui nimpigie nani. Akapita kijana mfugaji, Msukuma, jirani yetu wa upande wa mbugani. Alikuja mjini na shughuli zake. Huyu kijana msimu uliopita nilimpeleka ofisi ya kijiji kwa sababu ng'ombe zake ziliingia kwenye mpunga wangu. Nilimwita majina mabaya mbele ya watu. Siku ile getini nilitazama chini nikidhani atapita.

Akasimama. "Mayu, shikamoo." Kwao mama ni mayu. "Mbona unalia?"

Nikamwambia mjukuu ameishiwa damu. Akauliza wanachukulia wapi. Nikamwonyesha mlango. Akaingia, akatoka amebandikwa pamba mkononi, anakunywa soda. Akasema, "Mayu, ng'ombe wangu walikula mpunga wako. Leo na wewe umenikamua mwenyewe. Tumalize kesi." Nilicheka. Nilikuwa nimesahau kwamba ninaweza kucheka.

Mtoto alipata damu, na kufika jioni alikuwa ameshika kidole changu. Tulilazwa siku kadhaa. Wodini kulikuwa na joto, na alikuwa na sindano ya mkononi, nesi akanikataza kumfunika funika. Alilala kwenye mashuka yao, amevaa kanzu nyepesi ya hospitali. Khanga zilikuwa kwenye begi chini ya kitanda. Wakampima selimundu, hana. Wakachukua kadi ya kliniki ya marehemu mama yake, niliyokuwa nimeitunza, wakaangalia kundi lake la damu na la mtoto, hakuna ugomvi. Wakapima kuona kama mwili wake wenyewe unashambulia damu yake, hapana. Waliniuliza kama kuna dawa nimempa, ya dukani au ya kienyeji. Nikasema hapana, na ilikuwa kweli. Walisema wataendelea kutafuta, tukirudi kliniki watapima zaidi. Macho yakawa meupe. Tukaruhusiwa.

Nilifika nyumbani nikamfunga khanga za mama yake.

Mnashtuka. Mimi nilikuwa sijui.

Haikupita wiki mbili, manjano yakarudi. Dada yangu akasema, "Si unaona? Hospitalini alipona. Marehemu haingii hospitali, kuna taa na kelele nyingi. Umemrudisha nyumbani, amekuja tena."

Na kweli, ukiangalia, ilikuwa hivyo hivyo. Hospitali anapona, nyumbani anaugua. Hakuna hata mmoja wenu ambaye angembishia.

Sasa hapa ndipo panaponiuma mpaka leo. Asubuhi ile, kabla ya kupanda gari la kuja huku, nilimwacha mtoto kwa dada yangu nikaenda kaburini. Nilisimama kwenye kaburi la mwanangu nikamgombeza. Nilimwambia, "Wewe ulikuwa mtoto mwenye huruma. Umeanza lini uchoyo? Umeniacha peke yangu, na huyu mmoja uliyeniachia unamtaka? Mwache. Kama humwachi, mimi si mama yako tena." Nilimwambia hivyo. Mtu aliyekufa akimzaa mwanawe, ambaye hata kumnyonyesha mara moja hakupata. Niligeuka nikaondoka bila kung'oa hata jani moja la nyasi pale juu.

Tulifika wodini, mtoto nimembeba mgongoni. Nesi alikuwa yule yule wa mwanzo, mama mmoja mfupi, mkali kidogo. Akasema, "Bibi, mshushe nimwone." Nikafungua fundo. Alipoinama kumpokea akapiga chafya. Akapiga ya pili. Akamrudisha mtoto mbali kidogo na uso wake, akanusa khanga.

"Bibi, hii ni harufu ya nini?"

"Naftalini. Ni nguo safi hizo, zilikuwa sandukuni."

"Mara ya kwanza ulipokuja alikuwa amevaa hizi?"

"Ndiyo. Ni za mama yake."

"Na wodini je?"

Nikamwambia, si ulinikataza mwenyewe kumfunika.

Alimvua mtoto kila kitu, hapo hapo, akamfuta mwili kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, akamvika shuka la wodi. Khanga alizitia kwenye mfuko wa plastiki akafunga mafundo mawili, akautoa nje ya mlango. Nilimwambia, "Nesi, usizitupe." Akasema, "Sizitupi. Ila haziingii humu." Akaenda kumwita dokta. Nilimsikia kwenye korido akisema, "Naftalini, dokta. Amefungwa humo siku zote hizo."

Dokta alikuwa kijana, angeweza kuwa wa kwangu. Walimwongezea tena mtoto damu. Baada ya hapo akavuta stuli akakaa, akaniuliza, "Bibi, unalima nini?"

Nikasema mpunga.

"Basi tuseme hivi. Ndani ya damu kuna chembe nyekundu. Ni kama magunia, kazi yake kubeba hewa kutoka mapafuni kuipeleka mwili mzima. Gunia zima linadumu miezi minne hivi, likichakaa mwili unashona jingine. Kukiwa na kitu kinachochana magunia haraka kuliko mwili unavyoshona, mtu anaishiwa damu. Yale manjano ya machoni ni mabaki ya magunia yaliyochanika. Mkojo mweusi ni mzigo uliomwagika. Shida ni kujua nani anachana."

Nikamwambia aendelee, magunia nayajua.

Nitawaeleza alivyosema, kama nilivyoelewa. Mimi si mtaalamu, na dokta akipita hapa nikiwa nimekosea atanisahihisha. Alisema kuna magunia yaliyoshonwa vibaya tangu mwanzo. Hao ni watoto wa selimundu. Chembe zao zimepinda kama mundu, zinakwama njiani, zinachanika, na mtoto anapata maumivu. Wengi mliokaa hapa mnalijua hilo kuliko mimi. Wengine wanazaliwa na magunia yenye ngozi dhaifu, yanavimba mviringo kama mpira, yakipita kwenye bandama yanachanwa. Halafu kuna magunia mazima yanayotobolewa na panya, na panya wa bonde letu ni malaria. Yanaingia ndani, yanakula, yanatoka kwa kutoboa.

Akasema tena kuna ghala ambalo magunia ni mazima na panya hakuna, ila mlinzi amechanganyikiwa. Anachukua bambo, kile chuma cha kuchomea gunia ili mnunuzi aone punje, anachoma kila gunia analolikuta mpaka ghala zima linavuja. Mlinzi huyo ni kinga ya mwili wako mwenyewe. Mzee wangu uliyeegemea nguzo, nakuona unatabasamu. Wewe ndiye mwenye mlinzi wa bambo, ulituambia mwezi uliopita kwamba ulipoanza kudhoofika ulidhani ni uzee. Wakati mwingine mlinzi ni wa jirani, kinga ya mama inavuka na kuchoma magunia ya mtoto aliye tumboni, kwa sababu makundi yao ya damu hayapatani. Dada wa kiti cha mbele alipoteza wawili hivyo kabla hajajua kwamba kuna sindano ya kuzuia. Na mtu akiongezewa damu isiyo ya kundi lake ni hivyo hivyo, ndiyo maana wanapima na kupima tena mpaka tunachoka kusubiri.

Nikamuuliza, "Na huyu wangu?"

Akasema, "Huyu nadhani magunia yake yameshonwa vizuri. Ukiyatazama siku za kawaida huoni kasoro. Ila hayana ile nailoni ya ndani. Siku ya jua hakuna shida, anacheza na wenzake. Yakinyeshewa yanaoza kwa siku chache. Mvua yake ni vitu fulani. Baadhi ya dawa za malaria, baadhi ya dawa za salfa, wakati mwingine hata homa kali. Na naftalini, kuinusa au kuigusa kwa ngozi, hasa mtoto mchanga. Wengine wananusa maisha yao yote hawadhuriki. Huyu hawezi."

Akaniandikia jina kwenye karatasi. Ni herufi na namba, G6PD. Bado ninayo hapa.

Akasema pia kwamba kipimo chenyewe lazima kisubiri miezi kama mitatu, kwa sababu damu changa, na ile ya kuongezewa, zinaweza kudanganya. Nikae na mtoto bila naftalini, nimlete. Na akasema jambo jingine, kwa sauti ya chini. Upungufu huu unapitia kwa akina mama. Mama mara nyingi haumwi, anaubeba tu, na mtoto wa kiume ndiye unayemwangukia. Huenda marehemu aliubeba, na huenda aliutoa kwangu.

Nilizaa mtoto wa kiume kabla ya binti yangu. Alikufa ana siku kumi na moja, wa manjano. Na yeye nilimpokelea kwenye nguo za sandukuni, za mama yangu. Nikamuuliza dokta kama ndicho kilichomuua.

Akasema, "Bibi, watoto wachanga hupata manjano kwa sababu nyingi. Siwezi kukuambia jambo nisilolijua."

Nilimheshimu kwa hilo. Angeweza kusema hapana ili nilale. Sijui mpaka leo, na nimeacha kutafuta.

Akasema hukujua, bibi, usijilaumu. Nikamwambia asante. Lakini aliyemfunga ni mimi, na aliyekalia sanduku ni mimi. Nimeona niseme hivyo hadharani, kwa sababu nikiwa peke yangu huwa najitetea.

Ila kuna kitu kilichonitoka siku ile, na hicho ndicho nilichoinukia kuwaambia. Nilipokuwa nimekaa pale pembeni ya kitanda, nilielewa kwamba mwanangu hakuwa anamwita mtu. Hakuwa na uchoyo. Hakuwa amekuja nyumbani kwangu kuchukua chochote. Alikuwa amekufa tu, masikini, kwa kutoka damu njiani, na mimi nilikwenda nikamgombeza.

Tulipotoka hospitali sikumpeleka mtoto nyumbani kwangu, nilimwacha kwa dada. Dada alinisikiliza nikimweleza habari ya magunia na mvua. Alikaa akichambua mchele muda mrefu. Kisha akasema, "Kwa hiyo hakuwa anamwita."

"Hakuwa."

"Nilimsingizia."

"Tulimsingizia wote."

Akaweka ungo chini. Tukaenda kaburini pamoja, vikongwe wawili, tukang'oa nyasi. Yeye alimwomba msamaha kwa maneno mengi, mnamjua. Mimi nilirudi kwenye nyasi. Niling'oa tu mpaka mikono ikawa ya kijani.

Siku iliyofuata tulitoa sanduku uani. Tulimwaga vidonge vyote, tukavifukia mbali. Khanga zote, pamoja na zile alizonirudishia nesi, tulizifua kwa sabuni, tukazianika jua kali, tukazifua tena na kuzianika siku nyingi. Halafu nikawaita mashangazi. Niliwaambia arobaini yangu imechelewa, mnisamehe, njooni mchukue. Walikuja wote. Yule wa siku ile akaniuliza, "Umechoka kukaa?" Nikamwambia nimechoka. Akanikumbatia. Kila mmoja alichukua khanga, na kila mmoja nilimwambia neno lile lile. Hii usimfunikie mtoto mchanga hata kama inanukia sabuni. Na ukizaa au binti yako akizaa mtoto wa kiume, mwambie dokta habari ya mjukuu wangu, maana damu yetu ni moja.

Mimi sikubakiza hata moja.

Miezi mitatu ilipita mtoto hajaugua. Kipimo kikasema ni kweli, ana upungufu huo. Watu wananipa pole. Mimi siku ile nililala usingizi, kwa sababu tatizo lilikuwa na jina na halikuwa jina la mwanangu.

Namalizia. Namshukuru yule nesi kwa pua yake. Nilimwambia hivyo akasema pua hiyo imemletea maadui wengi. Namshukuru dokta aliyekaa kwenye stuli. Kijana mfugaji, sijui habari hizi zitamfikia vipi, ila mpunga wa mwaka huu ng'ombe zake ziliingia tena pembeni kidogo, nikazitoa mwenyewe kwa fimbo nikanyamaza. Namshukuru dada yangu kwa kukubali kwamba alikosea, si wazee wengi wanaoweza. Na ninyi kikundi, mlionipokea wakati mtoto wangu hana selimundu na mngeweza kuniambia hapa si kwenu.

Ninalowaachia ni dogo. Hospitalini wakikuuliza umempa nini mtoto, usifikirie kinywa peke yake. Fikiria na alicholalia, alichofunikwa, alichonusa. Sema vyote, hata vile unavyoona ni vya heshima. Mimi nilijibu ukweli kila nilipoulizwa, na bado nilikaribia kumzika, kwa sababu jibu lilikuwa mgongoni mwangu na sikulihesabu. Na karatasi yenye jina la ugonjwa itembee na mtoto, kabla hujanunua dawa yoyote ionyeshwe.

Mjukuu wangu sasa anatembea. Lile sanduku la bluu liko nyuma ya nyumba, mfuniko umeng'oka, limenyeshewa masika mazima mpaka limeacha kunuka. Kuku mmoja ameingia humo kulalia. Asubuhi mtoto akiamka anakwenda kwanza kuchungulia, anarudi ananiambia kwa vidole mayai ni mangapi, na vidole vyenyewe hajui kuhesabu. Kwake lile ni sanduku la kuku. Siku akikua nitamwambia lilikuwa la nani.

Asanteni kwa kunisikiliza. Nimechoka, naomba nikae.